Bwana Hakumega Muhogo

Lisekese, Masasi
14 Februari 1955

Mjomba Bartholomayo, shikamoo.

Huku tunaamka salama, mimi na Theodora. Mvua imetukumbuka, mahindi yanafika kiunoni, na nyani wameshaanza ukorofi wao. Mbaazi alizotufungia Mama Vitalis tulizila mpaka ya mwisho; mwambie kwamba mke wangu bado anazitaja. Mikorosho yako michanga imeshika? Na mwanao Vitalis, ameandika tangu aende mashamba ya mkonge?

Nina habari ambayo nataka uisikie kwangu kabla haijapanda huko na lori la Mahmudu. Mkuu wa chuo ameniandikia. Jina langu limo kati ya mashemasi watakaopewa daraja ya ukasisi siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwezi wa Septemba. Niliisoma barua nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Nilimkumbuka mama.

Kuna jambo dogo tu. Tumbo langu lile lililonianza chuoni halijaniacha. Nadhani ni maji. Usimwambie mtu, litapita.

Theodora anakuamkia sana.

Mpwa wako,
Cyril


Chilangala, Newala
6 Machi 1955

Kwa mpwa wangu Shemasi Cyril.

Marahaba, mwanangu, marahaba tena. Mikorosho imeshika isipokuwa michache iliyoliwa na mchwa. Vitalis hajaandika, na mama yake kila akisikia lori hutoka nje akiwa na mwiko mkononi.

Barua yako niliisoma kanisani baada ya sala, mbele ya watu wote. Wazee walilia. Dada yangu Mabel alikuacha mikononi mwangu hujaota jino, nikamwahidi kwamba nitakulea kanisani. Mimi ni mwalimu wa dini tu, nimezeeka nikifundisha watu kumngoja padre ambaye huja mvua zikimruhusu. Sasa padre atatoka katika ukoo wetu, padre mwenye mke, kama sisi Waanglikana turuhusiwavyo! Hata Majaliwa, mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote, alinishika mkono.

Mbuzi nimekwisha mtenga. Habari ya tumbo, chemsha mizizi anayokutumia Mama Vitalis, unywe kabla ya kula. Tumbo ni tumbo.

Mjomba wako,
Bartholomayo


Hospitalini
21 Mei 1955

Mjomba, shikamoo.

Usishtuke kuona ninaandikia hospitalini. Nimelala hapa tangu baada ya Pasaka, na Theodora nilimkataza asikuarifu. Sasa ninaweza kushika kalamu. Poleni kwa msiba wa jirani yenu mzee, baba yake Mahmudu wa lori. Habari ilinifikia kitandani. Na nimefurahi kusikia Vitalis ameandika.

Nililetwa nikiwa nimebaki mifupa na tumbo. Bibi Daktari, mzungu mfupi asiyecheka, alinihoji kila kitu ninachokula, kama hakimu. Mwisho akasema, “Cyril, adui yako ni ngano.” Nilidhani sijasikia vizuri. Akanieleza kwamba wako watu wachache ambao ngano huwachubua utumbo, chakula kikapita bila kuacha kitu, hata mtu akala na bado akafa njaa. Wakati wa vita huko Ulaya mkate ulipoadimika, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza tena kukonda. Ndipo madaktari wakang’amua. Dawa hakuna, ila kuiacha maisha yote. Hata kipande, hata chembe.

Mjomba, tangu nilazwe nimekula ugali wa muhogo, mtama, wali na kisamvu, basi. Kuhara kumekoma. Vidonda vya mdomoni vimepona. Naamka asubuhi bila kukimbilia nje. Sijui nikuelezeje: sikujua kwamba watu wengine wote huishi hivi.

Kwako nilikula nini utotoni? Muhogo na mtama. Mkate niliukuta chuoni, kila asubuhi na chai, nikaupenda kuliko wote.

Lakini nikitoka hapa nitaishije? Yupo mjane mmoja Lisekese, Mama Kurwa, anayefua vitambaa vya altare. Kila Jumapili hutuletea maandazi kwenye sinia lililofunikwa. Jumapili moja, kabla sijazidiwa, tumbo lilikuwa linauma, nikamwambia sitakula. Alisimama pale na sinia lake. “Shemasi,” akasema, “mkono wangu una nini?” Watu wote waligeuka kututazama. Nilikula mawili, nikamshukuru. Wewe unajua maana ya kukataa chakula cha mtu mbele ya watu: ni kumwita mchawi.

Nilimwuliza Bibi Daktari kuhusu mkate wa Misa. “Mimi ni daktari,” alisema. “Ngano ni ngano.”

Nishauri, Mjomba.

Cyril


Chilangala
12 Juni 1955

Kwa Shemasi Cyril.

Marahaba. Sisi ni wazima. Mihogo imeingiwa na ugonjwa wa majani. Mama Vitalis anaumwa mgongo lakini analima.

Barua yako ya hospitalini nimeisoma, kisha nimeitia motoni, mtu asije akaiona.

Nilianza kufundisha dini kabla hujazaliwa. Bwana alitwaa mkate, akaumega. Hakumega muhogo. Hakumega mtama. Angetaka angemega. Unataka niwaambie watu wa Chilangala kwamba mwili wa Bwana unamharisha shemasi? Watasema umekula isivyostahili, ndiyo maana umedhoofika. Watasema ipo dhambi uliyoificha. Majaliwa hatahitaji kusema, atanitazama tu.

Daktari huyo ametibu tumbo lako, nami ninamshukuru. Habari za nafsi yako hakuulizwa yeye.

Kula muhogo nyumbani kwako, hakuna atakayekuuliza. Altareni fanya kama wenzako. Chembe ndogo kama ukucha wa mtoto haiui mtu mwenye imani. Na usiniandikie tena jambo hili kwa wino.

Bartholomayo


Lisekese
30 Julai 1955

Mjomba, shikamoo.

Jibu lako nimelipokea kama mtoto anavyopokea kutoka kwa mjomba wake. Mwambie Mama Vitalis asiiname sana, amwachie Cecilia jirani yake palizi. Hapa tumevuna. Theodora ana mimba. Mambo yakienda sawa, mwisho wa mwaka utaitwa babu.

Nimerudia kazi. Ninatembea na unga wangu wa mtama kwenye mfuko wa baiskeli. Nikialikwa, naomba chungu nipike mwenyewe, na akina mama hucheka kwanza, kisha huacha kucheka. Arusini nilikula mchuzi wa kuku bila kuuliza, kumbe umetiwa unga wa ngano upate kuwa mzito. Nililala ndani siku tatu. Walisema Shemasi amelewa uraka wa mabibo.

Ninakuandikia tena kwa wino, nisamehe. Nilimwendea mkuu wa chuo, nikamwambia yote. Alinisikiliza kwa upole.

“Muumini asiyeweza kula hupewa kikombe cha divai tu,” alisema.

“Na kasisi?”

“Anayeadhimisha Misa lazima ale kile anachogawa. Na kinachobaki ni chake, asibakize punje. Hilo siwezi kulibadili mimi.”

“Mkate wa mtama je?”

“Huo hautakuwa mkate wa Misa, Cyril.”

Hakunisukuma. Alisema naweza kubaki shemasi maisha yangu yote na isiwe aibu. Kabla sijamjibu ninakuomba ruhusa wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea na wewe ndiye uliyewatangazia watu. Nibaki shemasi?

Cyril


Chilangala
4 Septemba 1955

Kwa Shemasi Cyril.

Marahaba. Habari ya mimba imetufurahisha mno. Theodora asibebe vitu vizito. Kiangazi ni kikali, kina mama wanashuka bondeni kufuata maji alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, na ndoo zenyewe nusu.

Watakaoshuka Masasi kwa ajili ya siku yako ni wengi kuliko nilivyodhani. Mahmudu atatuchukua kwenye lori lake, ingawa ni Mwislamu. Anasema wewe ni padre wake pia. Mama Vitalis ameshona kanzu, ameidarizi shingoni mwenyewe. Majaliwa anakuja na ngoma. Mbuzi wamekuwa wawili.

Swali lako nimeliona.

Mjomba wako,
Bartholomayo


Lisekese
18 Januari 1956

Mjomba, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya. Theodora amejifungua salama mtoto wa kike. Tumemwita Mabel. Ana nywele nyingi na sauti ya kuita watu shambani. Mama yake anaendelea vizuri.

Siku ya Mtakatifu Mikaeli sitaisahau. Nilipoinuka baada ya kuwekewa mikono nilikuona umefumba macho.

Nimepewa makanisa matatu, hili la Lisekese na mawili ya mbali zaidi, moja njia ya Chidya. Jumapili ninaadhimisha mara mbili, mara nyingine tatu. Watu ni wengi na wana kiu. Baiskeli inanisaidia. Kanzu ya Mama Vitalis inasifiwa kila mahali.

Mvua bado.

Cyril


Chilangala
22 Aprili 1956

Padre Cyril, shikamoo.

Tulifika nyumbani salama kutoka kwako baada ya Pasaka. Mwinuko wa kupandia Newala ulituchelewesha, lori lilinasa matopeni tukashuka kusukuma, hata Majaliwa. Wote wanamsifu Mabel.

Barua yako ya Januari haikuwa na neno hata moja juu ya mwili wako. Niliona hilo, nikanyamaza. Sasa nimekuja, nimekuona, sinyamazi.

Kanzu ile Theodora ameipunguza ubavuni mara mbili. Vifundo vya miguu yako vimevimba kama vya mzee. Wakati wa kuinua kikombe ulishika ukingo wa altare kwa mkono wa pili; watu walidhani ni ibada, mimi niliyekufundisha kutembea nilijua ni nini. Kisha nikakuona unakusanya masalio yote ya mkate ya kanisa zima lile, ukayala, ukafuta sahani kwa kidole, ukala na hicho. Na baada ya Misa mjane yule akaleta sinia, ukachukua andazi kwa mkono wako mwenyewe, ukamtabasamia.

Njia nzima ya kurudi niliiwaza barua yangu ya mwaka jana. Lile nililokuandikia juu ya muhogo, mimi ndiye niliyeliandika, si Bwana.

Padre, ninakuamkia kwa sababu ya daraja yako, lakini sasa ninasema kama mjomba. Rudi. Andika uombe kupumzishwa. Shamba lipo. Watu wakisema, watasema kwangu.

Bartholomayo


Lisekese
11 Novemba 1956

Mjomba, shikamoo. Usiniamkie tena, tafadhali. Daraja haikunizidishia umri.

Nimechelewa mno kukujibu. Theodora hajambo. Mabel anatambaa na kula udongo. Nafurahi kwamba Vitalis ameoa. Nasikitika sikuweza kupanda huko arusini.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Ingekuja mwaka jana ningeifuata mbio. Sasa siwezi, na nitakuambia kwa nini.

Mwezi wa Julai niliitwa kwa mzee mmoja, Benedikto, katika kanisa la mbali. Alikuwa akifa tangu mvua zilizopita, na watoto wake walikuwa wamechoka kumngoja. Nilipoingia alisema, “Umechelewa.” Nikamwambia nisamehe. Akasema, “Si wewe. Nyinyi nyote. Mke wangu alikufa akingoja padre, mimi nimekataa kufa hivyo.” Nilimpa Ushirika. Alifariki kabla sijamaliza kuvaa viatu. Nikiondoka hapa, makanisa haya matatu yatarudi kumngoja padre apitaye mara mbili kwa mwaka. Sikujua jambo hili nilipokuomba ruhusa. Sasa nimeliona.

Kwa hiyo usijibebeshe, Mjomba. Siendelei kwa ajili yako.

Utaniuliza kwa nini siwaambii watu. Niliwaambia. Jumapili moja nilieleza kanisani, polepole, kwamba ngano inanidhuru mimi, kwa namna mwili wangu ulivyo. Jumapili iliyofuata nusu yao hawakuja mbele kushiriki. Mama mmoja alimfunika mtoto wake mdomo. Padre anagawa kitu anachosema kinamwua! Sikurudia tena.

Na hapo ndipo neno lingine lilipoanza. Kwa kuwa si ngano, basi ni mtu ananiroga. Wanamtaja Mama Kurwa. Wanasema nilianza kukonda tangu siku aliponiuliza mkono wake una nini. Ndiyo maana ninaendelea kuchukua maandazi yake hadharani. Sichukui tena ya kula. Nayatia mfukoni, nayafukia porini. Lakini nikiacha kuyapokea, watamwendea.

Nina ombi moja. Nikifa, mtu asitajwe. Wewe unaaminiwa huko, na maneno ya Chilangala hufika huku. Simama useme ni ngano.

Cyril


Chilangala
17 Februari 1957

Mwanangu Cyril.

Mama Vitalis anakusalimu. Mgongo umemlaza kabisa sasa. Mvua inanyesha bila kupumzika, njia ya kushukia Masasi imekatika, barua hii nampa mtu wa miguu.

Nilikaa na ombi lako Krismasi nzima. Jumapili iliyopita, baada ya sala, niliwaambia watu wakae. Nikasema, “Padre wetu anaumwa. Hakurogwa. Hana dhambi aliyoificha. Mwili wake haupokei ngano, na anaila kila Jumapili kwa sababu ya watu kama sisi. Mtu yeyote akisikia mjane wa Lisekese anatajwa, ajibu kwamba Bartholomayo amekataa.”

Majaliwa aliinuka. Nilijua atainuka.

“Mwalimu,” akasema, “umetufundisha kwamba mkate ule ni mwili wa Bwana.”

“Nimewafundisha hivyo, na ndivyo ulivyo.”

“Basi mwili wa Bwana unawezaje kumwua mtumishi wake?”

Kanisa lote lilinitazama. Unajua nimejibu maswali ya watu hawa tangu wakiwa watoto, na wanapouliza huwa wanajua jibu ninalo. Nilitafuta. Nikasema, “Sijui.”

Majaliwa alibaki amesimama, kama anayengoja niendelee. Kisha akakaa, na alipokaa hakuwa na uso wa kushinda.

Familia mbili hazijaja kanisani tangu siku hiyo. Waache.

Njia ikifunguka baada ya Pasaka ninakuja na vijana na machela. Nitakubeba ukitaka usitake. Mpaka hapo, adhimisha Jumapili kwa kanisa moja tu, na uwagawie watu mkate wote usibaki.

Mjomba wako


Lisekese
2 Mei 1957

Mjomba, shikamoo.

Ninaandika mimi, Theodora. Najua kwamba habari imekwisha kufika huko kwa mdomo, na kwamba njia bado imekatika, umekaa ng’ambo ya maji huwezi kuvuka. Ninakuandikia upate kujua ilivyokuwa, usije ukapewa na watu wengine.

Barua yako ya Februari ilifika Jumapili ya Matawi. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena, nikamsomea. Nilipofika kwenye lile swali la Majaliwa aliniambia ningoje kwanza. Akauliza, “Mjomba amesemaje?” Nikasoma. “Amesema hivyo mbele yao?” Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akaniomba nirudie. Kisha akasema, “Masikini Mjomba.” Jioni ile alikula uji wa mtama akamaliza bakuli, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwezi wa pili.

Pasaka aliadhimisha hapa, akaadhimisha na kanisa la njia ya Chidya. Kanisa la tatu walikuja na kitanda wakambeba. Nilimkataza. Aliniambia, “Mama Mabel, wale wamefunga Kwaresima yote.” Aliongoza Misa akiwa amekaa kwenye kigoda, na mkate uliobaki aliula wote, kama sheria ilivyo. Njiani kurudi alishikwa na homa. Homa yenyewe haikuwa kubwa. Wengine huipata wakaenda shambani. Yeye hakuwa na kitu cha kuipinga. Alifariki Ijumaa asubuhi, nikiwa nimekwenda kuchota maji.

Ombi lake nimelijaribu. Kaburini niliomba nafasi ya kusema, nami mwanamke, na padre aliyekuja kuzika akaniruhusu. Nikasema yale uliyoyasema wewe. Wazee waliitikia kwa vichwa. Lakini watu waliporudi kutoka makaburini vijana walipitia kwa Mama Kurwa, wakamng’olea nyasi za paa lote na kumvunjia vyungu. Yeye mwenyewe hawakumgusa. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamkuta anakunja nguo zake. Hakunilaumu. Aliniuliza, “Yale maandazi, alikuwa anayala, au alikuwa anayatupa?” Nikamwambia alikuwa anayala. Amehamia kwa kaka yake huko Chidya. Vitambaa vya altare aliviacha mlangoni kwangu, vimefuliwa.

Nyumba hii ni ya misheni, natakiwa kuiacha. Ninakuja kwako na mtoto njia ikifunguka. Sina mzigo mwingi, usilete machela. Bibi Daktari alimpima Mabel, akasema ugonjwa ule huweza kumfuata mtoto kwa baba, au usimfuate; kwa sasa haujulikani. Alisema nisimpe ngano mpaka awe mkubwa. Nikamwuliza mkubwa kiasi gani. Hakuweza kunitajia.

Siku za matanga mama mmoja alimpa Mabel kipande cha mkate, kwa huruma, maana alikuwa analia. Nilimpokonya kikiwa kimeshafika mdomoni, nikamtia kidole nikamtoa kilichokuwa ndani. Mtoto akapiga kelele. Wanawake wale walitazamana. Nilikuwa nimeukataa mkono wa mtu mbele ya watu. Walikusanya mikeka yao mmoja mmoja, wakaaga, wakaondoka, na toka siku hiyo hakuna aliyeniletea chakula.

Mimi,
Mama Mabel